Bangili za Waya ya Simu

Siku mliponiaga, mkubwa wetu wa kazi alisimama na chupa ya soda mkononi akasema kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wangu kushika kazi ya simu. Mlipiga makofi, nami nikatabasamu, maana si adabu kumsahihisha mtu aliyekwisha kukununulia soda. Lakini si kweli. Ukoo wetu uliingia kwenye simu kabla mimi sijajua kutembea, ila tuliingia kwa upande wa pili. Babu yangu mzaa mama alikata waya.

Nyinyi vijana mnaopanda minara mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi tulivyoifanya zamani. Nitaandika. Ya vyeo sitayagusa, ya mshahara ndiyo kabisa, tusije tukalia wote. Nitaanza na babu, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kitu kimoja nilichokiacha katika sanduku la vifaa.

Baba yangu alikuwa mtu wa Uvira mjini, Mwislamu, mwuza vitambaa. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Ujiji wakifuata biashara, wakaoa huku, wakasahau kurudi. Watu wa upande huo ni wasemaji. Chakula kilikuwa kikipoa mezani huku hadithi inaendelea. Mama alitoka Nyakabere, katika bonde la Ruzizi, kwa wakulima wa mihogo na mpunga, Wafuliiru Wakatoliki ambao mtu wao anaweza kukaa nawe asubuhi nzima akasema maneno mawili, la kukukaribisha na la kukuaga. Nadhani fundi wa simu mzuri anapatikana hapo katikati, nusu yake inapenda maneno na nusu nyingine inajua kunyamaza na kusikiliza. Baba alikuwa safarini kila mara, leo Kalemie, kesho Kigoma, kwa hiyo mama alirudi kwao kulima, nami nikakulia Nyakabere nikifukuza ndege kwenye mpunga.

Babu alikuwa mhunzi wa waya. Kazi hiyo leo haipo tena, basi niieleze. Alikuwa na bamba la chuma lenye matundu, makubwa upande huu, madogo upande ule. Waya nene ya shaba aliichonga ncha, akaipitisha tundu kubwa, akaivuta kwa koleo na uzito wa mwili wake wote, kisha tundu linalofuata, na linalofuata, mpaka waya ikawa nyembamba kama uzi wa kushonea magunia. Halafu alichukua singa za mkia wa ng'ombe, akazifunga fundo, akaizungusha waya juu yake, mzunguko ukigusa mzunguko, mpaka ikawa bangili laini inayopinda bila kuvunjika. Wanawake walizivaa mguuni, nyingi pamoja, kutoka kifundo kwenda juu. Kazi yangu ilikuwa kushika singa zikae zimenyooka. Nikisinzia, alinigonga kisogoni kwa kidole kimoja, bila kukasirika, kisha akaendelea.

Sasa ubaya ulikuwa huu. Babu alimwoa bibi kwa ahadi ya bangili. Mhunzi wa waya alioa siku ambayo hakuwa na waya, kwani shaba ilikuwa imeadimika na ile kidogo aliyokuwa nayo alikuwa ameiuza kukamilisha ng'ombe wa mahari. Bibi akaingia nyumbani kwake na miguu mitupu. Dada zake walimcheka miaka yote hiyo. Mke wa mhunzi hana bangili! Akizaa, wanakuja kumwona mtoto wanamwangalia miguu. Babu alikuwa akijibu kwamba waya iko njiani.

Na kweli ilikuwa njiani, tena kando ya njia kabisa. Laini ya simu ilipita bondeni kwetu juu ya nguzo za chuma. Ile miaka ya fujo za kwanza, nilipokuwa mgongoni mwa mama, laini ilikufa, waya zikaanguka, zikalala kwenye majani. Babu alisubiri serikali ije iziokote. Serikali haikuja, ikaja mvua. Akasubiri tena, akaona ng'ombe wanajikwaa, akasema sasa hii imekuwa hatari kwa mifugo. Ndivyo alivyosimulia yeye, na mpaka anakufa hakubadilisha hata neno. Alikata kipande kizuri, akakivuta kwenye matundu yake msimu mzima, akamvisha bibi miguu yote miwili. Bibi alitembea mpaka kwa kila dada yake, mmoja mmoja. Kisha akasema mbele ya watu kwamba bangili hizo hazitatoka mguuni mwake, atashuka nazo kaburini. Nilipokuwa mtoto niliijua sauti yake akitoka kisimani kabla sijamwona, chwi, chwi, chwi, na hata leo nikisikia kitu kinacholia hivyo nageuka.

Basi, nikasoma, nikaingia shule ya ufundi, nikaajiriwa santrali, yaani kituo kikuu cha simu, mjini Uvira. Siku ya kwanza nilivaa suruali nyeupe, ujinga mtupu, kwani kazi ya kwanza ilikuwa kufuta masizi na mavi ya mijusi nyuma ya mitambo. Fundi aliyenipokea alikuwa papa Deo, yaani baba Deo, mtu mnene mwenye vidole vyembamba, mkali kwa vifaa na mpole kwa watu. Alinipa koleo, au pinsi kama tunavyoiita, akaniambia, "Hii pinsi, muntu akikulomba, sema iko ya bibi yako." Niliitumia mpaka siku mliponiaga. Alinifundisha kusikiliza laini kabla ya kuigusa. Laini yenye maji inakoroma, laini iliyolegea inalia kama mbu, laini iliyokatika haisemi kitu, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Mashine zenu za leo zinawaandikia kosa kwenye kioo, nazo zinasema kweli mara nyingi. Lakini sikilizeni pia.

Papa Deo alikuwa na donda moja moyoni. Alitaka kuifufua laini ya bondeni, ile ya zamani, iwafikie wakulima. Nguzo nyingi zilikuwa bado zimesimama, waya pia hapa na pale. Ila palikuwa na pengo, na pengo hilo liko wapi? Nyakabere. Kila akinywa chai alilizungumza. "Bantu ba Nyakabere! Banakula waya, bale?" Mimi niliinamisha kichwa nikaendelea kulehemu. Kazini unafundishwa mengi, na mojawapo ni kujua wakati wa kuwa na shughuli nyingi.

Nilipooa, papa Deo alikuja Nyakabere kwenye sherehe. Bibi alicheza, mzee lakini alicheza, na ile chwi, chwi ikasikika uwanja mzima. Nikamwona papa Deo ameacha kula. Alinyanyuka, akachuchumaa mbele ya bibi yangu kama mtu anayepima nguo, akazitazama bangili kwa muda.

"Mama," akasema, "hii waya miye naijua."

Bibi akamtazama kutoka juu. "Kama unaijua, basi iamkie."

Watu walicheka mpaka bia ikamwagika. Papa Deo alicheka kuliko wote, kisha akanigeukia na kunikazia macho, nami nikakumbuka ghafla kwamba kuna wageni hawajapata viti. Hakulitaja tena. Lakini kuanzia siku hiyo, akinywa chai, alisema "pengo la kwenu".

Kisha vita. Sitaeleza nani alimpiga nani. Mnajua, na msiojua mtasimuliwa na wengi kwa namna nyingi. Mji ukawa wa hawa, ukawa wa wale, na kila aliyeushika alihitaji mtu anayejua redio. Santrali ilikuwa imekufa, na waliokuja mlangoni kwangu hawakuja kuniomba. Wakanitia kwenye transmisioni, yaani kitengo cha mawasiliano cha jeshi. Kazi yangu ikawa foni, ile redio ya mawimbi ya mbali, na batri ya gari mgongoni. Walinipeleka kwanza milimani upande wa Mulenge, kwenye baridi na ukungu, mimi mtu wa joto la ziwa. Niliogopa kila siku. Nasema wazi, maana wengi wa rika langu siku hizi wanasimulia kama vile walikuwa simba. Kilichoniokoa ni kazi yenyewe. Niliposhika redio niliwaza antena tu. Huko nilijifunza kwamba foni ni antena. Redio mbovu yenye antena nzuri inasikika, na redio nzuri yenye antena mbovu ni sanduku zito tu. Nilimtengenezea pia mfugaji mmoja redio yake ya kusikiliza habari, akanipa maziwa kila asubuhi. Mkumbukeni mtu huyo, atarudi.

Mwishoni kikosi kiliteremka bondeni, wakaweka kituo katika shule ya Nyakabere, nyumbani kabisa. Sikujua nifurahi au nijifiche. Babu alikuwa amekwisha kufa. Bibi alikuwapo, amekonda, chwi, chwi yake imekuwa ya polepole. Wakimbizi walikuwa wamejaa shuleni na kanisani, na mvua ikanyesha juu yao, na kilichofuata mnakijua nyinyi watu wa pwani hii, kolera, yaani kipindupindu.

Asubuhi moja kikosi kikapata amri ya kuhama. Wakaondoka kwa haraka, redio nzuri wakaibeba. Mimi wakaniambia nibaki na ile kuukuu mpaka watakaponifuata, na sikuwalilia. Walipokwisha kupotea barabarani ndipo nikatazama juu ya paa. Antena haikuwapo. Mkubwa wao alikuwa ameikata waya yake akafungia godoro.

Kabla sijamaliza kutukana, akaja mama Furaha, infirmiye, yaani muuguzi, wa kituo cha afya. Macho mekundu, aproni imelowa. Alisema serumu, yale maji ya kutundikia wagonjwa, inakwisha. Zimebaki chupa za leo, na watoto wengine wanaletwa sasa hivi wakiwa wamelegea.

"Weye ukiita Uvira, hospitali batatuma gari na bendera nyeupe. Bila kuita habatajua," akasema. "Barabara imefungwa, muntu wa miguu hatafika. Ita, papa Ramazani. Nakulomba."

"Siko na waya, mama."

"Waya tu?"

Waya tu. Nilizunguka kijiji kizima. Nilipata vipande vya seng'enge vilivyooza kwa kutu, waya za breki za baiskeli, kamba ya nguo ambayo nilidhani ni waya, kumbe ni plastiki. Nikaviunga, nikavijaribu, redio ikalia puuu na kunyamaza. Sikuthubutu kuirudia nisije nikaichoma. Nilikaa kizingitini pa darasa na pinsi mkononi. Kutoka pale nilisikia watoto wakitapika upande wa pili wa ukuta.

Bibi akaja. Nilimsikia kabla sijamwona. Akakaa chini mbele yangu, taratibu, akanyoosha miguu yote miwili, akapandisha kitenge mpaka magotini.

"Uko natafuta waya mu kijiji kizima," akasema. "Na iko hapa, inatembea."

"Koko, hapana. Hizi njo za babu," nikasema, kwani koko kwetu ni bibi.

"Babu yako aliibaga ku simu. Sasa simu iko nalomba yake. Rudisha."

Nikamwambia ulisema utashuka nazo kaburini, ulisema mbele ya watu. Akanijibu kwamba kaburi liko mbele yake na ana haraka gani, bali wale watoto ndio wenye haraka. Kisha akanikemea: "Kamata pinsi! Fanya kazi yako!"

Nilikata fundo la kwanza nikilia, na sioni haya kuandika hivyo. Mama Furaha alishika kisigino, mimi nikakunjua. Singa za ng'ombe zikaanguka chini, nyeusi, fupi fupi, kama zile nilizozishika nikiwa mtoto. Chini ya bangili ngozi ya bibi ilikuwa laini na nyeupe kidogo, ngozi ya msichana, kwani jua halikuwa limeiona tangu zamani. Yeye hakuitazama miguu yake. Alitazama milima. Tulipomaliza alishusha kitenge mpaka kikagusa ardhi, akakishika hivyo kwa mkono.

Waya ilikuwa imejikunja mikunjo midogo midogo. Tuliivuta mimi na wanaume wawili mpaka ikanyooka vya kutosha. Nikaunga vipande vyake, nikaigawa mikono miwili sawasawa, kama antena inavyotakiwa. Ncha moja niliifunga kwenye boriti ya paa la shule. Ya pili ilihitaji mahali pa juu upande wa barabara, na pale barabarani palikuwa na kitu kimoja tu kirefu. Ilikuwa nguzo ya chuma ya laini ya zamani, na kikombe chake cha kauri cha kushikia waya bado kileleni. Nilipanda. Nikaifunga waya kwenye kikombe kile kile ambako babu, au mvua, vyovyote mnavyoamini, aliitoa.

Nikateremka mpaka kwenye redio. "Uvira, Uvira, Nyakabere anaita."

Mvumo tu. Nikaita tena. Nikapanda tena nguzoni, nikarekebisha urefu kwa kukunja ncha badala ya kukata, maana mkono wangu ulikataa kukata. Nikaita mara ya tatu, na kutoka katikati ya mvumo ikaja sauti nene, na nikaijua kabla haijataja jina. Hospitali nao walikuwa wametafuta mtu anayejua redio.

"Nyakabere, Nyakabere, nakupata muzuri! Ni weye, Ramazani? Ulipata waya wapi?"

"Ni ile yenu, papa Deo. Ya pengo."

Ukaja mvumo mtupu. Nilidhani nimempoteza. Kisha nikasikia akicheka, na ndani ya kicheko akasafisha koo mara mbili, halafu akawa fundi tena: "Sema mahitaji. Polepole. Naandika."

Gari lenye bendera nyeupe lilifika kesho yake kabla ya jua kuwa kali, serumu mpaka juu ya viti. Si watoto wote waliopona. Wengine walikwisha kutuacha kabla gari halijafika, na mama Furaha aliwataja majina yao kanisani, kila mmoja. Lakini wengi waliamka. Antena ile ilifanya kazi mpaka barabara ilipofunguliwa, ikaita serumu tena, ikaita dawa ya maji, ikaita mke wa mwalimu aliyepotea, akapatikana.

Bibi, muda huo wote, hakutoka nje ya ua. Waliokuwa wakimletea chakula kumshukuru aliwapokea ameketi, kitenge mpaka chini. Sauti yake ya kutembea haikuwapo. Alikuwa ameingia nyumbani kwa babu na miguu mitupu, na sasa alikuwa amerudi pale pale. Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mambo yalipotulia jeshi liliniachia, nikateremsha waya kwa mikono yangu. Nikapanda Mulenge kwa miguu kumwona yule mfugaji wa redio. Nilipomwambia ninachotaka alicheka, akakata singa za mkia wa dume lake jeusi, akanifungia katika jani la mgomba. Nikapeleka habari kwa papa Deo pia. Alikuja Nyakabere nyuma ya baiskeli, mtu mnene vile, mwenye baiskeli akalala chini kupumua.

Tukakaa uani kwa bibi. Papa Deo alishika singa ziwe zimenyooka, nami nikazungusha. Sikuwa babu. Mizunguko yangu ilikuwa imepanda hapa, imeachana pale. Papa Deo aliposinzia nilimgonga kisogoni kwa kidole kimoja, na alishtuka kiasi kwamba bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Bangili zilikuwa pungufu, kwani waya nyingine ilikatika kwenye mikunjo. Tukamvisha. Papa Deo ndiye aliyefunga fundo la mwisho.

"Sasa mama," akasema, "hii hukuiba. Ni miye wa simu njo nakupatia."

Bibi akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Chwi, chwi. "Na weye usirudie kusema pengo," akamwambia.

Aliishi mpaka akaziona simu zenu hizi. Nilimpelekea moja, nikampigia kutoka mjini, tukaongea. Nilipofika kumwona aliigeuza na kuigeuza. "Iko na waya wapi?" Nikamwambia haina waya, koko. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa banamuke benu bakuje kuvaa nini?"

Alishuka kaburini na bangili zake kama alivyosema, isipokuwa moja. Wanawake waliomwosha walimletea mama yangu, wakasema marehemu aliagiza mwenyewe: hii apewe Ramazani, siku simu zitakapokatika tena.

Nimeiacha katika sanduku la vifaa, chini ya pinsi ya papa Deo, imefungwa kwa kitambaa. Kwetu mtandao unakatika, hamhitaji mzee awaambie. Siku minara yote ikinyamaza na mtu akaja kwenu na macho mekundu, foni kuukuu iko ghalani, na hapo mna kipande cha kuanzia. Ikunjueni bila kuogopa. Mkimaliza, tafuteni singa, mje kwangu, nitawaonyesha namna ya kuizungusha.

Mjukuu wangu wa kike ameanza kuiulizia. Anasema anataka kuivaa. Nimemwambia avumilie, bado iko kazini.